Nimewekewa stenti: je, nikimbie kilomita 21 za Moshi?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari Tanga, nina miaka 52. Mwezi wa tano nilibanwa kifua usiku, nikadhani ni vidonda vya tumbo, nikawa nameza dawa ya kiungulia mpaka kukapambazuka. Kumbe ni mshtuko wa moyo. Nikapelekwa Dar es Salaam, nikawekewa stenti moja, kile kibomba cha kupanua mshipa wa moyo. Natumia aspirini, klopidogreli, atorvastatini na bisoprololi. Nilianza kwa kutembea, sasa nakimbia kilomita 5 mara tatu kwa wiki na klabu yetu ya jogingi na sijisikii chochote. Wenzangu wanajiandaa na Kilimanjaro Marathon mwezi wa pili, nami nataka zile kilomita 21 maana nilishazikimbia kabla ya kuugua. Daktari wangu alisema nifanye mazoezi ila nisijichoshe. Mke wangu hataki hata kusikia. Je, nikimbie?

JIBU: Mwalimu, pole sana, na hongera kwa kutoka kwenye kutembea hadi kilomita 5. Nikupe jibu kwanza, sababu zifuate: mwezi wa pili huu nenda Moshi na wenzako, ukakimbie zile kilomita 5. Kilomita 21 ziache mpaka mwaka unaofuata, na hata hizo kwa masharti.

Wapo madaktari wenzangu ambao wangekuruhusu mapema zaidi endapo vipimo vingetoka safi, na sitasema wamekosea. Mwongozo wa Ulaya wa moyo na michezo uliotolewa mwaka 2020 haumfungii mlango mtu aliyepata mshtuko wa moyo. Unachotaka ni apimwe, ajulikane kama hatari yake ni ndogo au kubwa. Kinachonisumbua ni kwamba katika barua yako sijaona kipimo hata kimoja. Kuna "sijisikii chochote" tu, na huo si ushahidi. Usiku ule wa mwezi wa tano ulijisikia, tena sana, na bado ukadhani ni tumbo.

Hilo la kusubiri mpaka kupambazuke ndilo ninaloanza nalo. Msuli wa moyo ukikosa damu huanza kufa ndani ya muda usiofika saa moja, na kila saa inayopita hupoteza sehemu nyingine. Sehemu iliyokufa haioti tena, hugeuka kovu. Kovu halisukumi damu, na baya zaidi, umeme wa moyo unaweza kulizunguka na kuzaa mapigo ya vurugu ambayo humwangusha mtu papo hapo. Wewe ulikaa saa kadhaa. Inawezekana ulikuwa na bahati na kovu lako ni dogo. Inawezekana si dogo. Mwili hautakuambia ukiwa unakimbia kilomita 5 za mchakamchaka na wenzako huku mnaimba.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni eko, ile ultrasaundi ya moyo. Najua ulifanyiwa kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, lakini siku chache baada ya mshtuko msuli huwa bado umepigwa na bumbuwazi, hauonyeshi uwezo wake halisi. Rudia sasa. Kwenye karatasi tafuta herufi EF na asilimia iliyo mbele yake. Hiyo ndiyo sehemu ya damu ambayo chumba kikuu cha moyo huisukuma nje kwa kila pigo. Ikiwa 50 au zaidi, mazungumzo yetu yanaendelea. Ikiwa 40 kushuka chini, tuache habari ya mbio ndefu, tuzungumzie dawa. Katikati hapo ni uamuzi wa wewe na daktari wako, ana kwa ana, si wa kalamu yangu.

Jambo jingine, stenti. Wengi hutoka hospitali wakiamini kwamba bomba limezibuliwa na maji yanapita, basi. Stenti imefungua sentimita chache za mshipa mmoja. Ule utando wa mafuta ulioziba pale haukuchagua pale peke yake, na karatasi ya siku ulipowekewa stenti inaeleza mishipa mingine ilionekanaje. Kama uliandikiwa kwamba kuna mshipa mwingine wenye mbano wa kati ambao waliuacha kwanza, nataka kulijua hilo kabla sijakuambia ukimbie hata kilomita 10.

Kipimo cha pili ndicho ambacho watu hukikwepa, nacho ndicho kitakachokujibu: ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ukiwa kwenye mashine ya kukimbilia. Nikueleze kinavyokwenda ili usikiogope. Utavua shati, utanyolewa kidogo kifuani kama una nywele, utabandikwa vibandiko kumi vyenye nyaya, na mkono mmoja utafungwa kipimo cha presha. Katika utaratibu unaotumika zaidi, mashine inaanza pole sana, kilomita 2.7 kwa saa, ila imeinuliwa mwinuko wa asilimia 10. Kila baada ya dakika 3 inaongeza kasi na kuinuka zaidi. Ukivuka dakika ya 6 unatembea kilomita 5.5 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 14, na hapo ndipo wanaume wa rika lako huanza kuning'inia kwenye vyuma vya pembeni. Usishike. Ukishika, uzito wako unabebwa na mikono, na mashine inakupa sifa usizostahili.

Sasa uwe makini na mambo mawili. Sehemu nyingi husimamisha kipimo mapigo yakifika asilimia 85 ya kiwango kinachokadiriwa kwa umri. Kwa mgonjwa anayetaka kujua kama anaweza kupanda ngazi za ofisini, inatosha. Kwako haitoshi, kwa sababu kwenye kilima cha Moshi hakuna atakayekusimamisha kwenye 85. Mwambie mhudumu mapema kwamba unajiandaa na mbio ndefu na unataka kuendelea mpaka uchoke wewe, au mpaka mashine ionyeshe kasoro. La pili, meza dawa zako kama kawaida asubuhi hiyo, isipokuwa daktari wako ameagiza vingine. Mbio utakimbia ukiwa na bisoprololi mwilini, basi na kipimo kifanyike hivyo hivyo.

Tunachotazama si ECG peke yake. Tunatazama presha: mtu anayefanya kazi ngumu presha yake ya juu, ile namba ya kwanza, hupanda, na ikishuka huku mwendo unaongezeka, tunasimamisha mara moja. Tunatazama kama mapigo yanarukaruka. Na tunaendelea kutazama dakika kadhaa baada ya kushuka kwenye mashine, maana kasoro nyingine hujitokeza wakati mtu ameshaanza kujifuta jasho. Ukifika dakika ya 9 na kuipita, bila maumivu, ECG ikiwa tulivu na presha ikiwa imepanda inavyotakiwa, hapo una akiba ya kutosha kukimbia taratibu kwa muda mrefu. Ukiishia dakika ya 6, huna, hata kama hakuna kasoro iliyoonekana. Unahitaji miezi zaidi ya mazoezi, si fomu ya usajili.

Daktari wako alisema usijichoshe, akaishia hapo. Nadhani foleni ilikuwa ndefu. Alichomaanisha ni hiki: kimbia kwa mwendo ambao unaweza kumsimulia mwenzako mechi nzima ya Coastal Union bila kukatisha sentensi ili uvute hewa. Ukianza kujibu kwa neno mojamoja, tembea. Usitumie saa ya mkononi kuamua hilo. Saa inachukua 220, inatoa miaka yako 52, inakupa 168 na kukuchorea rangi za kijani na nyekundu. Bisoprololi imeshapunguza kasi ya moyo wako. Unaweza kuwa umeishiwa kabisa kwenye 135 huku saa inakuhimiza uongeze. Nimewaona wagonjwa wanaoiamini saa kuliko kifua chao.

Utaambiwa, na ni kweli, kwamba mbio haziui watu ovyo. Marekani kuna utafiti uliokusanya habari za marathoni na nusu marathoni kuanzia mwaka 2000 hadi 2010: wakimbiaji milioni 10.9, na waliosimama moyo ni 59, wengi wao wanaume. Kwa nusu marathoni hatari ilikuwa kama robo tu ya marathoni kamili. Hesabu hiyo inatuliza. Lakini ni ya kila aliyefunga namba kifuani, wakiwemo vijana wa miaka 25 wasio na tatizo lolote. Wewe una ugonjwa unaojulikana kwa jina na mahali ulipo. Jambo la kufanyia kazi katika utafiti ule ni kwamba wengi wa wale 59 walianguka katika robo ya mwisho ya safari au karibu na kumaliza, pale mtu anapowaona wapiga picha na kukaza mwendo. Wewe hutakaza mwendo. Hata kwenye kilomita 5, mita zako 500 za mwisho ziwe za pole kuliko zilizotangulia, na ukivuka mstari usisimame ghafla. Endelea kutembea dakika kumi, kwa sababu ukisimama damu hubaki miguuni na presha inaporomoka.

Na kuna Jim Fixx, Mmarekani aliyewaingiza watu wengi sana katika jogingi miaka ya 1970. Alikuwa mnene na mvuta sigara, akabadilika, akawa anakimbia kila siku. Baba yake alikufa kwa mshtuko wa moyo akiwa na miaka 43. Julai 1984 Fixx alianguka akikimbia barabarani katika jimbo la Vermont, akafa. Alikuwa na miaka 52, umri wako. Uchunguzi ulikuta mishipa ya moyo imeziba vibaya. Waliochukia mazoezi walishangilia kwamba mbio zimemuua. Mimi naamini mbio zilimwongezea miaka. Kilichomponza ni kudhani kwamba anayeweza kukimbia hana haja ya kupimwa.

Sasa Moshi yenyewe, maana ulishaikimbia na unaijua. Mnaanzia Chuo Kikuu cha Ushirika asubuhi mapema, na nusu marathoni inapanda kuelekea Mweka kisha inageuka na kushuka. Yaani kazi ngumu yote iko nusu ya kwanza, wakati umati unasukuma, muziki unapigwa, na kila mtu anatoka kwa kasi ambayo hakuifanyia mazoezi. Kwa moyo wenye kovu, hakuna mpangilio mbaya kuliko huo: baridi kidogo, msisimko, kilima. Tanga mjini ni tambarare. Joto umelizoea, mwinuko hujauzoea, na klabu yenu isipopanga safari za Lushoto au barabara ya Amani, miguu yako haitajua kilima mpaka siku yenyewe. Halafu kurudi ni mteremko, ambao unaumiza misuli ya mapaja kuliko kupanda, na mwezi wa pili jua la Moshi saa tatu asubuhi halina utani. Ndiyo sababu mojawapo ya kukurudisha kwenye kilomita 5. Nyingine ni kwamba mwezi wa pili utakuwa umetimiza miezi tisa tu tangu mshtuko, na dawa zako mbili za kuzuia damu kuganda, aspirini na klopidogreli, kwa kawaida hutumika pamoja mwaka mzima.

Dawa hizo usiziache hata siku moja kwa sababu ya mbio. Nasisitiza kwa sababu kuna ushauri unaozunguka kwenye makundi ya wakimbiaji kwamba uache klopidogreli siku mbili tatu ili usivuje damu ukianguka. Ukianguka utavuja damu zaidi ya wenzako, ni kweli. Bonyeza jeraha, nenda kwenye hema la huduma ya kwanza, na ukigonga kichwa nenda hospitali hata kama unajiona mzima. Lakini stenti mpya ikikosa dawa inaweza kuziba kwa ghafla, na hilo halina hema.

Dawa nyingine inayonitia hofu haimo kwenye orodha yako, ila najua iko mfukoni mwa mtu fulani kwenye klabu yenu: diklofenaki. Goti likiuma, diklofenaki. Mgongo, diklofenaki, mwingine anameza mbili kabla ya kuanza ili asisikie maumivu. Dawa za kundi hilo huongeza hatari ya mshtuko wa moyo, hasa kwa aliyewahi kuupata, na zikichanganyika na upungufu wa maji huumiza figo. Ibuprofeni nayo inaweza kuizuia aspirini kufanya kazi yake. Ukiumwa, parasetamoli. Ikishindwa, pumzika. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo waachie vijana, mirungi usiiguse, na vidonge vya nguvu za kiume visivyoandikwa na daktari usimeze kabisa. Ukivichanganya na kile kidonge cha chini ya ulimi cha maumivu ya kifua, presha inaweza kuanguka isiinuke.

Atorvastatini, ile dawa yako ya kushusha mafuta ya damu, inaweza kuleta maumivu ya misuli, na baada ya mteremko mrefu hutajua ni dawa au ni mteremko. Maumivu ya siku mbili tatu ni ya kawaida. Misuli ikilegea hadi unashindwa kuinuka kitini, au mkojo ukitoka mweusi kama chai ya rangi, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Maji: kunywa kwa kiu. Usipite kila meza ukijaza tumbo kwa sababu umeambiwa maji ni uhai. Boston mwaka 2002 walipima damu ya wakimbiaji 488 baada ya marathoni, na asilimia 13 walikuwa wamepungukiwa chumvi, hasa waliokunywa mno na waliochukua muda mrefu njiani. Na ukiwa na homa, mafua makali, au ndio umemaliza dozi ya malaria, hukimbii, hata kama umeshalipia nauli na chumba.

Naja kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko vipimo. Watanzania wanaokimbia tumekuzwa na habari ya John Stephen Akhwari: marathoni ya Olimpiki, Mexico City, 1968, ameanguka, goti limetenguka, anaingia uwanjani wa mwisho kabisa, bandeji mguuni, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Akasema nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kumaliza. Ni habari tukufu na nawasimulia wanangu. Kwako, Mwalimu, ni sumu. Goti linakupigia kelele na ukiamua kulipuuza unajua unachopuuza. Moyo mara nyingine hutoa ishara ndogo mno kisha unanyamaza.

Kwa hiyo zoezi ninalokupa, kabla ya kilomita zozote, ni kuacha mbio katikati. Siku moja wiki ijayo, mkiwa kilomita ya 3 na unajisikia vizuri kabisa, waambie wenzako "mimi naishia hapa," panda bodaboda urudi nyumbani. Sikiliza utani watakaokutania. Mtu asiyeweza kufanya hivyo siku ya kawaida Tanga hataweza kufanya hivyo Moshi akiwa na namba kifuani na medali mbele yake. Ishara za kuacha ni hizi: kifua kubana au kuwa kizito, maumivu yanayopanda taya au kushuka mkono, jasho jembamba lisiloendana na joto, kizunguzungu, moyo kurukaruka, au kuhema kuliko mwendo unavyostahili. Na kwako wewe, kuanzia leo, kiungulia ukiwa unakimbia ni moyo mpaka daktari athibitishe si moyo. Unasimama, unakaa chini, unaita msaada. Hutembei kidogo kuona kama kitapita.

Kuhusu shemeji yangu, mama watoto: asilaumiwe. Yeye ndiye aliyekuona usiku ule. Usimletee hoja, mlete kliniki. Akae pale wakati unapimwa kwenye mashine, aone ukitoka jasho chini ya macho ya wauguzi, aulize maswali yake mwenyewe. Wengi hubadilika kwa hilo kuliko kwa maneno ya mume. Na kama atakubali, yeye pamoja na watu wawili watatu wa klabu wajifunze kuushtua moyo uliosimama: mikono miwili juu ya mfupa wa katikati ya kifua, kubonyeza kwa nguvu kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Katika utafiti ule wa Marekani, waliopona ni hasa wale waliobonyezwa kifua mapema na mtu aliyekuwa karibu. Klabu yenu ina mwenyekiti, mweka hazina na fulana za rangi moja. Iwe na watu wawili wanaojua hilo.

Vipimo vikiwa safi, kuanzia mwezi wa tatu unaweza kurefusha mbio moja kwa wiki, pole pole, ukichanganya kukimbia na kutembea: dakika nne mbio, moja kutembea, dakika 10 hadi 15 za kupasha mwili kabla. Zilizobaki ziwe fupi kama sasa. Kilomita 10 ufike katikati ya mwaka, vilima vianze baada ya hapo, na mashine urudie kabla ya kujisajili kwa 21. Za Moshi utazimaliza kwa saa 3 hivi, ukipanda Mweka kwa kutembea, na vijana watakupita. Wapishe.

Kwa sasa, omba miadi ya eko na ya mashine mwezi huu. Beba karatasi ya stenti, ECG ya siku uliyoruhusiwa, na dawa zako zote ndani ya maboksi yake, usiziorodheshe kwa kichwa. Majibu yakitoka niandikie namba tatu: EF, dakika ulizofika kwenye mashine, na presha yako ya juu kabisa siku hiyo. Ukiona daktari ameandika chochote kuhusu mishipa mingine, nakili neno kwa neno.